Mlango Wazi Si Wakfu

Februari 2024 makumbusho ya magari ya Peter Mullin, pale Oxnard katika jimbo la California, yalifungwa moja kwa moja. Mwenyewe alikuwa ameshafariki Septemba iliyotangulia, akiwa na miaka 82. Haikupita miezi mitatu, dalali wa mnada akasimama ndani ya jumba lile lile, na magari ya Kifaransa ambayo watu walikuwa wakilipa kiingilio kuyatazama yakaanza kutajiwa bei. Waliozoea kwenda pale walisikitika kama waliofiwa mara mbili. Wengine walicheka: tajiri kafa, na makumbusho yake yamezikwa naye. Mimi naona wanaolia na wanaocheka wamejikwaa kwenye kisiki kimoja. Wote wanadhani zawadi ya Mullin kwa umma ilikuwa Oxnard. Pale Oxnard alikuwa anakaribisha wageni tu. Alichokitoa hasa, yaani kilichotoka mkononi mwake kikawa si chake tena, alikiweka kwingine, katika taasisi ambazo wenzake kwenye bodi wangeweza kumshinda kwa kura. Hicho kingali kipo, na hakuna dalali anayeweza kukigusa kwa sababu ya kifo chake.

Sisi hatupaswi kupata taabu kuielewa tofauti hii, maana lugha yetu ina neno lake. Mtu anaweza kuwa na baraza pana mbele ya nyumba, majirani wakaketi kila jioni, wakanywa kahawa, wakacheza bao na kusuluhisha ndoa za watu. Akifa, warithi wakivunja baraza na kujenga fremu za maduka, mtaa utanung'unika, lakini hakuna atakayekwenda kwa kadhi kudai chochote. Baraza lilikuwa lake. Mwingine anachimba kisima na kukiweka wakfu. Tangu siku hiyo kisima hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, na mwenyewe akija kuteka maji anapanga foleni kama wengine. Makumbusho mengi ya watu binafsi duniani ni mabaraza ambayo wageni wake wameyadhania kuwa visima.

Mullin hakutoka katika ukoo wa watengenezaji magari. Fedha zake zilitokana na shughuli za bima na mafao: kampuni yake iliyapangia makampuni makubwa ya Marekani namna ya kuwalipa wakuu wao marupurupu na viinua mgongo. Alichokipenda ni kipande chembamba cha historia, magari yaliyotengenezwa Ufaransa kati ya vita kuu mbili: Bugatti, Delahaye, Delage, Talbot-Lago, Hispano-Suiza. Enzi hizo kiwanda kilikuuzia chesi na injini, bodi ya gari ukaenda kuishonesha kwa fundi kama mtu anavyoshonesha suti, na mafundi wa Paris kama Figoni et Falaschi au Saoutchik walishona kwa namna ambayo haijarudiwa tena. Alikuwa nayo Hispano-Suiza iitwayo Xenia, ya mwaka 1938, ambayo André Dubonnet, aliyeiagiza, aliipa jina la marehemu mkewe. Ukivuta kitasa chake, mlango haufunguki kwa kuzunguka kwenye bawaba. Unatoka nje mzima mzima, kisha unarudi nyuma sambamba na ubavu wa gari. Vioo vimepinda kama vya rubani. Gari lina miaka zaidi ya 80 na bado linaonekana kama limekuja mapema mno.

Upande wa wanaomtetea Mullin, hoja nzito kuliko zote inaanzia hapo. Magari haya ni mayatima. Mercedes ipo hai na ina makumbusho yake Stuttgart. Peugeot ina yake Sochaux. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, Ufaransa iliyokuwa inajijenga upya iliyapa kipaumbele makampuni yaliyounda magari madogo ya mtu wa kawaida, na kodi ikapanda kadiri injini ilivyokuwa kubwa. Waundaji wa magari ya anasa wakakosa soko nyumbani kwao. Delage na Delahaye hawakufika mwisho wa miaka ya 1950. Talbot-Lago ikamezwa na kampuni ya Simca. Bugatti haikuinuka tena baada ya mwanzilishi wake, Ettore, kufariki mwaka 1947, na jina hilo lilipofufuliwa baadaye, walioliinua walikuwa watu wengine kabisa. Kwa hiyo hakuna kiwanda kilichobaki na wajibu wa kutunza kumbukumbu, michoro, wala vipuri. Wasingekuwapo watu wenye fedha na ukaidi, sehemu kubwa ya kazi ile ingekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Anayesema wakusanyaji hawa ni watu wazima wanaochezea vidude anisaidie jibu moja: nani mwingine angeyaokota?

Tena mtu binafsi anaweza kuthubutu mahali ambapo taasisi ya umma ingeitisha vikao kumi. Mwaka 2009 wapiga mbizi waliliibua Bugatti Type 22 Brescia la mwaka 1925 kutoka chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi. Lilikuwa limetupwa majini miaka ya 1930 na maofisa wa forodha, kwa sababu lilikaa bila kulipiwa ushuru na sheria ilitaka liharibiwe. (Yeyote aliyewahi kungoja gari Mombasa au Dar es Salaam huku gharama za bandari zinapanda kila siku atalielewa ziwa lile.) Ubavu uliolala kwenye tope ulikuwa na nafuu, ubavu wa juu ulikuwa umeliwa hadi gari linaonekana kama mkeka uliotafunwa na mchwa. Januari 2010 liliuzwa Paris kwa euro 260,500, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa hisani ulioanzishwa kwa kumbukumbu ya kijana aliyeuawa kwa kupigwa. Mullin alilinunua. Angeweza kuajiri mafundi walifanye jipya, na kwa soko la Bugatti hilo lingeeleweka. Aliliacha na kutu yake, akaliweka ukumbini kama lilivyotoka majini. Mimi naona huo ni uamuzi wa mtu anayeelewa makumbusho ni kitu gani.

Yote hayo ni kweli, na bado hayabadilishi hoja yangu, kwa sababu kuokota ni kazi moja na kuhifadhi baada yako ni kazi nyingine. Jengo la Oxnard lenyewe lilikuwa limekwisha kutoa onyo. Kabla ya Mullin lilikuwa la Otis Chandler, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la Los Angeles Times, naye akiweka humo magari, pikipiki na wanyama aliowawinda. Chandler alifariki mwaka 2006, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya mnada ya Gooding ikauza magari yake papo hapo Oxnard. Aprili 2024 walikuwa ni Gooding hao hao waliorudi kuuza ya Mullin. Jengo moja, dalali mmoja, marehemu wawili. Aliyeshangaa safari ya pili hakuwa ameitazama ya kwanza.

Ili kuona tofauti kati ya ukarimu na wakfu, hakuna mahali pazuri kama Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Hans na Fritz Schlumpf walikuwa ndugu, raia wa Uswisi, waliotajirika kwa viwanda vya kusokota sufu eneo la Alsace. Fritz ndiye aliyepagawa na Bugatti. Aliwaandikia barua wamiliki huku na huko akitaka kununua, na mwaka 1964 akapokea kwa mkupuo mmoja magari 30 kutoka kwa John Shakespeare wa Illinois, Marekani, yaliyosafiri juu ya mabehewa ya treni kabla ya kuvuka bahari. Aliyaweka katika kiwanda cha zamani, akaajiri mafundi wayafufue kwa siri, akasimamisha ndani ya ukumbi mamia ya nguzo za taa zilizoigwa zile za daraja la Alexandre III la Paris. Makumbusho yakawa yanasubiriwa mwaka hadi mwaka bila kufunguliwa. Wakati huo huo biashara ya sufu ilikuwa inazama. Mwaka 1976 wafanyakazi waligoma, na ndugu wawili wakakimbilia Basel, ng'ambo ya mpaka. Machi 1977 wanachama wa chama cha wafanyakazi cha CFDT waliingia katika jumba lile kwa nguvu. Fikiria mtu aliyeambiwa kiwanda hakina hela za mshahara, anasimama katikati ya mamia ya magari yaliyong'arishwa, safu baada ya safu, chini ya taa za Paris. Walilikalia jumba kwa miaka miwili, wakaliita makumbusho ya wafanyakazi, wakawafungulia watu mlango.

Ukiwapima kwa ukarimu, ndugu hawa wanapata sifuri. Hakuna walichompa mtu. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1978 dola ya Ufaransa iliuorodhesha mkusanyiko huo kuwa urithi wa kihistoria wa taifa, kwa hiyo wadai hawakuweza kuugawanya wala kuutoa nje ya nchi. Mwaka 1981 ukanunuliwa kwa faranga milioni 44 na jumuiya iliyoundwa na mji, mkoa, chemba ya biashara na washirika wengine. Mwaka 1982 umma ukafunguliwa mlango rasmi. Zaidi ya magari 400 yapo pale hadi leo, Bugatti peke yake zikiwa zaidi ya 100, pamoja na Royale mbili halisi, gari ambalo kulipata moja tu ni ndoto ya mabilionea. Wamiliki walikuwa wakimbizi wa madeni na mkusanyiko wao umedumu. Mullin alikuwa mwungwana aliyependwa na kila mtu na wake umetawanyika. Kinacholinda makumbusho ni karatasi. Moyo mzuri wa mwenye mali haumo ndani ya karatasi hiyo.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo ni kama jaribio la maabara. Magari ya Schlumpf hayakubaki yote Mulhouse. Baada ya kesi za miaka mingi, mjane wa Fritz alirudishiwa magari 62 yaliyokuwa yamehifadhiwa Malmerspach, huko huko Alsace, bila kutengenezwa. Mwaka 2008 yakauzwa, na sehemu yake ikavuka bahari hadi Oxnard, ambako Mullin, kwa tabia yake ile ya kuheshimu kutu, aliyaonyesha na vumbi lake. Basi hapo una magari ya mkusanyaji mmoja, yaliyonunuliwa kwa fedha zile zile. Yaliyobaki chini ya sheria yapo mahali pake na mtoto wa shule anaweza kuyaona wiki ijayo. Katika yale yaliyopita mikononi mwa mtu mwema kuliko Fritz kwa kila kipimo, baadhi yalikuwemo kwenye mnada wa 2024.

Sasa, mbona sisemi Mullin alishindwa? Kwa sababu ya Petersen. Makumbusho ya magari ya Petersen yalianzishwa Los Angeles mwaka 1994 kwa fedha za Robert Petersen, mchapishaji wa majarida ya magari, na mkewe Margie. Petersen alifariki mwaka 2007. Mwaka 2011 Margie na mfuko wa familia wakatoa zawadi iliyothaminiwa kuwa dola milioni 100, jengo na magari vikiwemo, na mwaka huo huo naye akafariki. Huo ndio wakati ambao makumbusho ya mtu hufa. Mullin alishika uenyekiti wa bodi, fedha zikachangishwa, jengo lililokuwa duka kubwa miaka ya 1960 likavishwa mikanda ya chuma cha pua iliyojikunja kama riboni, likafunguliwa upya Desemba 2015. Baada ya kifo chake, baadhi ya magari yake bora yalikwenda huko. Pia yeye na mkewe Merle walitoa dola milioni 15 kwa chuo cha usanifu cha ArtCenter, Pasadena, ambako vijana wanafundishwa kuchora magari yajayo. Jina lake lipo pale, lakini ufunguo hauko kwa warithi wake. Kinyume chake, mradi aliouota Uingereza, bustani ya magari katika uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi huko Enstone, hadi anafariki haukuwa umefunguliwa. Mambo yaliyosimama juu ya miguu yake peke yake yalilala alipolala.

Wakosoaji wana hoja mbili ambazo sitazipita haraka. Ya kwanza ni kodi. Sheria ya Marekani humruhusu anayetoa zawadi kwa taasisi ya hisani kupunguza mapato yanayotozwa kodi, na kwa tajiri mkubwa nafuu hiyo ni fedha nyingi. Kwa maneno mengine, muuguzi na dereva wa basi wanachangia sehemu ya kila gari linalotolewa, na hakuna aliyewauliza kama wangependa Delahaye au zahanati. Hoja hii ni ya kweli na sina jibu la kuizima. Ninachoweza kusema ni kwamba inaelekea upande wangu: kama umma umechangia, basi umma una haki ya kudai kwamba kitu kisirudi mlango wa nyuma kwa familia au mnadani, na haki hiyo haiwezi kudaiwa barazani. Ya pili ni ladha. Mwaka 2013 Petersen ilikosolewa vikali kwa kuuza sehemu ya magari yake, na walalamikaji wakasema bodi inayaondoa magari ya Kimarekani, ya mtaani, ya vijana wa California, ili kupisha Ufaransa ya mwenyekiti. Walikuwa na haki ya kushuku. Tajiri akiingia kwenye bodi huja na macho yake, na baada ya miaka michache kila mtu pale ndani anaona kwa macho hayo. Dawa ninayoijua ni bodi yenye watu wasiomdai wala kudaiwa naye, na nakiri bodi za namna hiyo ni adimu California kama zilivyo adimu kwetu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi: kwamba mnada ulikuwa usaliti. Usaliti wa ahadi ipi? Familia iliuza mali ya familia. Isitoshe, makumbusho yasiyouza kitu kamwe hugeuka ghala. Hata Petersen wenyewe waliuza ili waweze kujenga. Na wenzao wa upande wa pili, wanaosema tutulie kwani soko litayatunza, nao wanajidanganya kwa namna yao. Ni kweli atakayelipa mamilioni hataliacha gari lilale mvuani. Bugatti Type 57SC Atlantic aliyokuwa anaimiliki Mullin pamoja na tajiri mwenzake Rob Walton, iliyonunuliwa mwaka 2010 kwa bei ambayo vyombo vya habari viliitaja kuwa kati ya dola milioni 30 na 40, itapakwa mafuta hadi kiyama. Lakini zilitengenezwa nne na zimebaki tatu, na kama siku moja zote tatu zitakuwa nyuma ya mageti ya watu binafsi, bati litakuwa salama na mtoto wa fundi bomba hataliona ila kwenye simu. Soko linajua kutunza bati. Halijawahi kuweka ratiba ya kupokea wanafunzi.

Matokeo ya fikra hii yanawahusu wanaopokea kuliko wanaotoa. Mkurugenzi wa makumbusho anayeletewa magari kumi mazuri "kwa mkopo wa muda mrefu" anapaswa kuhesabu kwamba ameazimwa umati, na siku yatakapoondolewa umati utaondoka nayo huku bili za umeme zikibaki. Gari moja lenye hati ya kukabidhiwa, na fungu la kulipa fundi wa kulihudumia, lina faida kuliko hayo kumi. Mwandishi wa habari anayeripoti kwamba tajiri fulani amefungua makumbusho angeuliza swali moja kabla ya kupiga picha: jengo, magari na akaunti ya benki vimeandikwa kwa jina la nani? Jibu likiwa ni jina lile lile katika sehemu zote tatu, aandike kwamba kuna baraza jipya mjini. Habari nzuri tu.

Magari ya Kifaransa kwetu yana historia ambayo haikupitia kwa Figoni wala Saoutchik. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. 504 ikafuata, ikashinda 1975 na 1978, halafu ikabeba abiria na magunia katika barabara za Kenya hadi watu wakasahau kwamba ilitoka Ufaransa. Hayo nayo sasa ni mayatima ya aina yake, na wanaoyaokota ni wachache, wengi wao mafundi wasio na fedha za Mullin. Mwaka jana, Gerezani, Dar es Salaam, fundi mmoja alinionyesha 404 ya baba yake, iliyokuwa teksi. Gia bado ipo kwenye usukani, na kwenye dashibodi mzee alikuwa amebandika kipande cha kanga kufunika ufa. Alisema hataiuza, anataka watu waje waione, hata shule zije. Nikamuuliza kadi ya gari ina jina la nani. La marehemu, akasema, na wao wako saba.